Kopo la Otilia Ndani ya Nyumba ya Pulque

Umeme ulikatika asubuhi, na friji ya Otilia Xochitiotzin ikaanza kutoa jasho. Ndani mlikuwa na kopo lenye kinyesi chake mwenyewe, limefungwa kwa mifuko mitatu. Daktari mtafiti wa Puebla angelipitia saa sita, na alishamwonya: likipata joto, nafasi yako kwenye utafiti anapewa mwingine.

Miaka kumi na mmoja Otilia aliitafuta nafasi hiyo. Nyama mfano wa ukuta wa kizazi zilimwotea nje ya kizazi, na kila mwezi zilimpa maumivu ambayo fahali angeyapata angeomba achinjwe upesi. Madaktari wengine walimwambia azae, atapona. Huyu peke yake aliuliza habari za utumbo: huenda vijidudu vya humo vinarudisha kwenye damu homoni inayozilisha nyama hizo. Huenda. Bado wanachunguza.

Palibaki mahali pamoja tu penye baridi: nyumba ya mawe ya mjomba Eleuterio, anamochachushia pulque, pombe nyeupe ya utomvu wa mkonge. Mwanamke haingii humo, sembuse aliye kwenye siku zake. Eti pombe huharibika. Otilia alikuwa siku ya pili. Akaenda.

"Simama hapo hapo," mjomba akasema mlangoni. "Utaniulia pombe, binti. Pulque ina uhai, inasikia."

"Hata tumbo langu lina uhai, mjomba, na hamkulisikiliza. Nimempata mtu anayetaka mavi yangu. Pisha."

"Umebeba nini?"

"Hayo hayo."

Mzee akapigwa na bumbuwazi, akapitwa. Otilia akaliweka kopo kwenye pembe yenye baridi ya kaburi, akaketi kando yake. Mjomba akamfuata mbio, akiapa kumtoa kwa nywele.

"Kofia, mjomba."

Humo mwanamume huvua kofia mlangoni. Asiyevua hunyweshwa pulque kwa kofia hiyo hiyo, mpaka tone la mwisho. Sheria aliitunga babu wa mjomba mwenyewe. Wafanyakazi watatu wakaacha mapipa.

"Pole, don Eleuterio," mmoja akasema, akiijaza. Kofia yenyewe ingeweza kuogeshea mtoto.

Mjomba alikunywa hadi karibu saa sita.

"Imeharibika?" Otilia akauliza.

Mjomba akajifuta masharubu. "Tamu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Lakini toka."

Gari la Puebla likapiga honi. Otilia akaliinua kopo, baridi kama jiwe la mtoni, akapita katikati ya mapipa bila haraka.

"Mwezi ujao wanataka lingine," akamwambia. "Niachie pembe ile ile."