Pedali za Mfukoni

Baiskeli sita zilisimama kwenye kivuko cha mto Tana, chini kidogo ya kijiji cha Idsowe, na hakuna hata moja iliyokuwa na pedali. Kache alizipiga picha huku akitabasamu. Pedali ile aliibuni yeye mwenyewe, ilikuwa mtoto wake: unabonyeza kitufe, inachomoka, unaitia mfukoni, unapanda mtumbwi kwenda shamba la ng'ambo roho kwatu, maana hakuna wa kuipanda baiskeli yako. Tena kila pedali na tundu lake. Ya mkulima Fondo haiingii kwenye baiskeli ya mwenzake Mwaro. Chuo kikuu kilikuwa kimempa maabara na mhadhiri wa kumsimamia, Daktari Cynthia, na picha hizi ndizo zingeamua kama kampuni yake changa itaendelea kusaidiwa.

Alikuwa akizituma alipotokea Kafia, mama wa Kisomali anayechunga mbuzi upande ule, amembeba bintiye Ifrah mgongoni. Mtoto alikuwa ameumwa na nyoka. Mguu umevimba hadi gotini.

"Dada, nachukua baiskeli moja," Kafia alisema. Akavua kandambili moja, akaiweka chini, penye gurudumu la baiskeli ya Fondo.

Kache ni mzaliwa wa pale pale, desturi aliijua tangu utotoni: baiskeli ya kivukoni ni ya mwenye dharura. Unaichukua bila kuuliza, unaacha kiatu kimoja mahali pake, na mwenyewe akirudi akakuta kiatu, anajua kuna mgonjwa, anakaa kitako kusubiri. Lakini aliposimama mbele ya wahadhiri, baiskeli zinazotoweka kivukoni aliziita wizi. Viatu hakuvitaja. Wizi unaeleweka upesi, na Kache alikuwa na haraka ya kufanikiwa. Mwacha mila ni mtumwa, na huyu aliiacha huku akipigiwa makofi.

Alipiga simu hospitali. Gari la wagonjwa litasubiri kwenye lami, aliambiwa. Matope yale hayaingiliki. Akaita ng'ambo hadi sauti ikamkauka, lakini wenye baiskeli walikuwa ndani kabisa ya migomba, na pedali zao mifukoni. Mkobani alikuwa na jozi moja ya maonyesho. Aliijaribu kwa Fondo, kwa Mwaro, kwa zote sita. Haikuingia popote. Alikuwa ameitengeneza vizuri mno.

Ifrah akaanza kutapika.

Wakamkalisha kwenye keria ya baiskeli ya Fondo, Kafia akamshika kiuno, Kache akasukuma. Gurudumu lilizama, wakalinyanyua, likazama tena. Walipofika pakavu alijaribu kuipanda, akakanyaga chuma kitupu kilichobaki pale pedali ilipokuwa. Mguu ukateleza, kifundo kikachanika. Akashuka akakimbia nayo vivyo hivyo, damu ikimjaa kiatuni. Kafia alimsemesha mwanawe kwa Kisomali bila kukoma. Kila mtoto aliponyamaza, Kache aliogopa kugeuka. Kwa baiskeli nzima wangekuwa wameshafika, na hilo alilijua katika kila hatua.

Hospitalini Garsen, walikofikishwa na gari la wagonjwa, daktari alisema mtoto ataishi. Kuhusu mguu hakuahidi chochote, maana sumu ilikuwa imekaa mno.

Daktari Cynthia alipopiga simu, Kache alikuwa amekaa sakafuni kando ya Kafia. Mhadhiri alikuwa na furaha tele. Wenzake wameziona picha, nao wameridhika: mwezi mzima, na kivukoni haijachukuliwa baiskeli hata moja.

"Ni kweli, daktari," Kache alisema. "Leo mtu alitaka kuchukua moja, akashindwa kuiendesha."

"Safi sana. Mwizi mwenyewe mlimwona?"

Kache aliutazama mguu wa Kafia usio na kiatu, matope yakiwa yameanza kuukaukia.

"Nimekaa naye hapa," alisema. "Nisikilize, daktari, nikwambie habari ya viatu."