Kibali cha Mbuni na Dinosaria

Alasiri ya Jumanne, mwaka 1969, Mwalimu Muhsina alipanga mifupa ya kuku wa biriani juu ya mkeka, uani kwake Matrah, Omani. Wasichana sita walimzunguka. Mjini hapakuwa na skuli ya serikali ya wasichana. Ua huu ndio uliokuwa skuli yao.

Bakhita, mwenye miaka kumi na miwili, alilalamika kuwa mifupa ya kuku ni midogo mno. Mlango ukasukumwa. Akaingia mbuni, na nyuma yake dinosaria mwenye kimo cha mtu mzima. Mwalimu akawasogezea ndoo ya maji, akaendelea.

"Shikeni kifua cha mbuni. Kimelala kama sinia. Kuku ana mfupa uliochongoka hapa, wa kushikilia misuli ya kurukia. Dinosaria je?"

Bakhita akapapasa. "Naye hana, Mwalimu. Lakini ana meno."

"Na vidole vya miguu?"

"Mbuni viwili, huyu vitatu. Kamshinda!"

Wakacheka. Ndipo alipofika Harub, karani wa vibali, mzaliwa wa Unguja kama mwalimu. Alikuja kulifunga darasa kwa kuwa halina kibali.

"Bibi Muhsina, na hawa wana kibali?"

"Ndiyo kwanza wameingia, Harub."

Akawahesabu miguu, akaandika daftarini: ndege wasioruka, wawili, wanaruhusiwa kukaa.

"Ami, huyo si ndege," Bakhita akasema. "Ana makucha mikononi."

Akaufunua ubawa wa mbuni ili amwoneshe tofauti. Ndani yake mlikuwa na makucha.

"Umeona? Ndege," Harub akasema.

"Basi tuandike na sisi."

"Wasichana hawana safu humu, mwanangu. Mimi nnaandika penye safu."

Akawatoa wote sita, akaufunga mlango na kuupiga muhuri wa lakiri. Mwalimu alikataa kutoka, akabaki ndani na wale wawili walioruhusiwa.

Kesho yake dinosaria alirudi kinyumenyume hadi ukutani, akautoa mkia nje kwa juu, ukafika chini uchochoroni walikokuwa wasichana. Mbuni hana mkia wa mifupa mirefu namna ile. Bakhita aliupanda akizihesabu pingili: arubaini na tatu. Wenzake wakafuata.

Harub akapita, akaikagua lakiri, akaikuta nzima. Akaandika kwamba darasa limefungwa.

"Ami Harub!" Bakhita akamwita kutoka juu ya ukuta. "Njoo ulifunge na kesho. Kesho tunasoma shingo."