Umeme Mtamu wa Kambi ya Kware

Verna Haugen alirudisha gari-nyumba lake kinyumenyume mpaka karibu na nguzo ya umeme, akaweka kabari nyuma ya magurudumu, akafunga bomba la maji machafu kwenye tundu lake, kisha mpira wa maji safi kwenye bomba. Akachomeka waya wa gari. Baada ya hapo akachomeka waya wa mumewe.

Orrin alikufa mwezi wa nne huko Nebraska, ndani ya gari hilohilo, akiwa anapaka siagi kwenye mkate. Daktari alithibitisha. Watoto walikuja, wakala, wakaondoka. Jioni ile Verna aliona waya mweusi ukining'inia chini ya shati la marehemu, akauchomeka ukutani kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Tangu hapo alichagua kambi kwa makini kuliko mama anayemtafutia bintiye mume. Soketi ya ampea kumi na tano ilimfanya Orrin apepese macho tu. Kwa ya thelathini aliweza kuzungumza, na mazungumzo yenyewe yalikuwa malalamiko. Ya hamsini ndiyo iliyomnyanyua. Alikaanga mayai, akanyoa ndevu, na akishajaa vizuri aliweza kuchomolewa akaenda matembezini bila waya. Lakini nguvu zake hazikudumu, kwa hiyo njia ya matembezi ilibidi ianzie karibu. Kambi moja ya New Mexico ilikuwa na soketi nzuri, ila njia ilikuwa ng'ambo ya kilima. Orrin alizimika katikati ya mawe, na Verna akamrudisha kwa toroli la mtunza bustani. Watu waliokuwa wakichoma soseji waliwapisha, kisha wakarudia soseji zao.

Kambi ya Kware, Arizona, ilikuwa na vyote viwili. Umeme wake haukuyumba hata kila mtu akiwasha kiyoyozi, na njia ya kwenda kwenye chemchemi ilianzia nyuma ya mabafu. Orrin alipokuwa hai walikaa pale kila majira ya baridi. Sasa Verna alitaka jambo moja tu, msimu mmoja wa kutembea na mumewe hadi kwenye chemchemi kila asubuhi. Nyumba nyingine hakuwa nayo. Ile ya Nebraska waliiuza zamani wakanunua gari hili.

Orrin alifumbua macho. "Umeme wa hapa mtamu," alisema. "Nimekwambia tangu Texas tuje huku, hukusikia."

"Si ndiyo tumefika?" alisema Verna.

Roscoe Tidwell alifika na kigari chake cha uwanja wa gofu, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Alikuwa mwenyeji wa kambi, yaani mkazi anayekaa bure kwa kazi ya kuwachunga wenzake, na kazi hiyo huwalevya watu kuliko bia.

"Orrin, mzee wangu! Nilisikia umekufa."

"Nimekufa kweli."

"Pole sana, bwana. Lakini unapendeza." Roscoe alilizunguka gari polepole, akainama kusoma kibao kilicho karibu na mlango. "Shemeji Verna, chombo hiki cha mwaka gani?"

"Nimekipaka rangi mpya."

"Sikuuliza rangi, shemeji."

Gari lilikuwa limepita miaka kumi. Kambi ya Kware haikupokea gari lililozidi miaka kumi, kwa kuwa magari makuukuu yalisemekana kuharibu sura ya mahali. Sheria hiyo aliileta Orrin mwenyewe, enzi akiwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi na gari lake bado linanukia upya. Aliitetea mpaka ikapigiwa kura ikapita, na msimu uleule akamtoa mjane wa Idaho ambaye mlango wa gari lake ulifungwa kwa kamba. Verna alioka keki kusherehekea. Watu husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alimwingiza mkewe.

"Orrin, mwambie," alisema Verna. "Sheria ni yako. Mwambie ina nafasi ya huruma."

Orrin alifikiri. Mashavu yake yalikuwa yameanza kupata rangi.

"Haina," alisema. "Tukimwachia huyu, kesho tutamkataza nani?"

"Huyu ni mkeo."

"Mimi sizungumzii mke. Nazungumzia gari."

Roscoe aliinamisha kichwa kwa heshima. Alisema kamati imemkosa sana mtu wa namna hii. Kisha akafafanua kwamba sheria inahusu magari, haisemi lolote juu ya wafu. Orrin akitaka, angeweza kubaki pale pale kwenye nguzo. Angepewa kiti cha kukunja na mwavuli.

Verna alimtazama mumewe, akingoja acheke. Alikuwa amemwosha, amemvalisha, amemsukuma kwa toroli.

"Huko barabarani ni soketi za kubahatisha, Verna," alisema Orrin. "Na wewe unaendesha vibaya."

Iliuma. Iliuma kuliko siku ile ya mkate na siagi, kwa sababu siku ile Orrin hakuchagua kuondoka.

"Basi twende chemchemini mara moja," alisema Verna. "Halafu nitaondoka."

Orrin alitazama waya wake. "Sijajaa," alisema.

Verna alifungua mpira wa maji, akafungua bomba la maji machafu, akachomoa waya wa gari. Mkono wake ulikaa juu ya waya wa pili.

"Huo si wa gari, shemeji," alisema Roscoe.

Verna aliuacha. Aliendesha hadi uwanja wa duka moja kubwa kando ya barabara kuu, mahali pasipo na soketi, akala maharage baridi kutoka kwenye kopo.

Kabla ya jua kutua nafasi yake ilichukuliwa na mume na mke waliokuja na gari jipya. Orrin alikuwa amejaa. Alijichomoa mwenyewe, akawapeleka hadi kwenye chemchemi, na njiani akawaeleza sheria za kambi. Walimwona mzee mchangamfu sana.

"Na mkeo yuko wapi?" aliuliza yule mwanamke.

"Gari lake lilikuwa kuukuu," alisema Orrin.

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, wakaendelea kutembea.