Masale ya Bibi Dorkas

Bibi Dorkas alikuwa akimenya ndizi jikoni alipomwita mjukuu wake. "Raheli, niletee sufuria."

Careen akaleta. Raheli alikuwa dada yake bibi, alishafariki zamani, ila sufuria ni ileile.

Pale kijijini Mhezi watu walikuwa wakisema tu kwamba bibi anasahausahau, na maisha yanaendelea. Kisha shemeji yake, Zephania, akampeleka hospitali akarudi na neno: usahaulifu. Daktari alilitaja mara moja. Zephania alilitaja maharage yakiungua, akalitaja ufunguo ukipotea, na siku moja akalitaja shambani, wanakopakana.

"Shemeji, mpaka ni pale mferejini," alisema bibi. "Marehemu mume wangu aliyapanda masale mimi nikimshikia miche."

"Sasa huo ndio usahaulifu wenyewe," alisema Zephania.

Masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani, yakang'oka, yakakung'uta udongo kwenye mizizi, yakasogea hatua moja kuingia kwenye tangawizi ya bibi, yakajipanda. Zephania akaendelea kupalilia.

Tangu hapo kila Zephania akilitaja neno lile, yanasogea. Careen akaenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji, naye akaja shambani na majirani.

"Nani ameonekana akiyang'oa?" aliuliza mwenyekiti. Kung'oa masale ya mpaka ni kujitafutia laana, na hakuna pale asiyejua.

"Hakuna, mzee. Yanatembea."

"Sasa mimi nimkamate nani? Niyaweke ndani masale?"

Watu wakacheka.

"Lakini bibi hajasahau shamba," alisema Careen. "Anasahau majina tu."

Zephania akamtazama kwa huruma. "Maskini, na huyu umeshamwanza. Kumbe usahaulifu wenyewe ni wa ukoo."

Masale yakamaliza tangawizi, yakaingia kwenye migomba. Mwenyekiti alisogeza mguu ili yapite.

Sasa yamesimama kizingitini kwa bibi, mabichi, yamenawiri. Kila asubuhi bibi anamweleza Careen mpaka ulipo, jiwe kwa jiwe, akimwita Raheli, na Careen anaitika abee. Halafu bibi anachukua ndoo yake ya maji, anasimama ndani ya mlango wake mwenyewe, anaita.

"Hodi huko nje?"

"Karibu, shemeji," anaitikia Zephania kutoka kwenye tangawizi. "Pita tu. Angalia usikanyage."