VPN Iliyokataa Kuzimika

Saa saba mchana Nzilani alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Tangu alfajiri alikuwa "Marekani", yaani alikuwa kwenye cyber yake, duka dogo la intaneti mjini Kibwezi, spika za masikioni zimembana, akiandika maneno ya mikutano ya watu asiowajua. Kampuni iliyotoa kazi hiyo ilitaka wakazi wa Marekani peke yao, na akaunti ilikuwa ya binamu yake Mutisya aliyehamia huko. Ndiyo maana kompyuta yake ilikuwa na VPN, programu ya kuficha mahali ulipo. Asubuhi anaiwasha, mchana anaizima na kurudi Kibwezi kuhudumia wateja. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha watu sita nyumbani kwao.

Siku hiyo VPN ilikataa kuzimika.

Na siku hiyo hiyo, saa nane, Mwalimu Kavindu akaingia na bahasha ya vyeti kifuani. Ndiye aliyemfundisha binti ya Nzilani kusoma. Miaka tisa alikuwa akifundisha kwa kuajiriwa na wazazi, na maombi ya ajira ya serikali yalikuwa yafungwe saa kumi na moja jioni hiyo. Stima ilikuwa imepotea mji mzima. Kompyuta ya Nzilani ndiyo iliyobaki na chaji, na intaneti aliitoa kwenye simu yake.

Tovuti ikafunguka, ikasema huduma haipatikani nje ya nchi.

"Kwani Kibwezi ilitoka Kenya lini?" Kavindu akauliza.

"Ni mashine, mwalimu. Ngoja kidogo."

Alibonyeza kuifunga VPN. Dirisha likaondoka, lakini alama yake ikabaki pale chini kando ya saa, kijani kibichi, kama haijaambiwa kitu. Akaiua kwa nguvu, ikafufuka. Akaiua tena, na safari hii ikaondoka na intaneti yote, kwa sababu ilitengenezwa hivyo: yenyewe isipokuwepo, hakuna kutoka nje. Programu gani hii yenye kiburi cha mwenye nyumba! Saa tisa ikapita, ikaja saa kumi kasorobo. Chaji ilikuwa asilimia kumi na tisa.

Ilibaki njia moja: kuing'oa kabisa na kuwasha kompyuta upya. Nzilani aliijua hatari yake. Programu ya kazi ilifunguka yenyewe kila kompyuta ilipowaka, na kitu cha kwanza ilichofanya ni kuiarifu kampuni kompyuta iko wapi. Yeye mwenyewe aliipanga hivyo, asije akachelewa zamu. Lakini akizima data ya simu kwanza, aifunge ile programu, ndipo arudishe data, hakuna atakayejua.

Akaing'oa VPN, akabonyeza kuwasha upya. Skrini ikawa nyeusi. Akanyoosha mkono achukue simu.

Kavindu akaushika mkono huo, akashika na wa pili. "Mwiitu wakwa, binti yangu, hii kitu imetusumbua sana. Wacha tuiombee kwanza."

"Mwalimu, dakika moja tu nizime..."

"Baba, katika jina la Yesu!"

Kavindu alikuwa ameshafumba macho. Nzilani akafumba yake. Nani kwao huchomoa mkono wake mikononi mwa mtu mzima aliyekwisha kumwita Mungu? Kavindu akaiombea kompyuta, akaiombea tovuti, akawaombea watakaosoma fomu, akafika kwenye mvua. Wakiwa kwenye mvua Nzilani akasikia kengele ndogo ya programu ya kazi ikifunguka. Akavuta mikono. Kavindu akaikaza zaidi, akapandisha sauti.

"Amina," akasema hatimaye.

Tovuti ilikubali. Vyeti vikapanda kimoja kimoja, na saa kumi na nusu namba ya kupokelewa ikatokea. Kavindu akalia waziwazi, akipigapiga meza. "Umeona? Maombi inafanya kazi!"

Nzilani alikuwa akisoma ujumbe mwingine, pembeni mwa skrini. Akaunti imefungwa moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ameonekana Kenya. Miaka mitatu ya kuamka saa kumi za alfajiri iliishia kwenye sentensi mbili. Alitaka kumkasirikia Kavindu, akakosa nguvu. Uchungu ulikuwepo, tena mwingi, lakini hata kulia kulionekana kazi.

"Hongera, mwalimu," akasema.

Kavindu akapangusa macho, akarudisha vyeti kwenye bahasha. "Sasa ni wewe. Niambie, nikuombee nini?"

Nzilani akafunika kompyuta.

"Kazi," akasema. "Niombee kazi."