Mguu wa Kwenye Pedeli

Fundi breki alimng'oa mdogo wake meno mawili kwa ngumi moja, na hakuwa amelewa. Hajawahi kulewa. Gereji nzima inamwita Maji, kwa sababu baba yao alikuwa akitoka kilabuni anawageuza wanawe ngoma, naye akaapa pombe haitapita kooni mwake.

Kosa lilikuwa dogo. Walikuwa wanatoa upepo kwenye breki za pikapu, yeye uvunguni na spana, mdogo wake ndani, mguu kwenye pedeli. "Kanyaga! Shikilia!" Mdogo mtu akaachia kabla hajaambiwa. Upepo ukarudi, kazi ikaanza upya. Maji akachomoka uvunguni na ngumi yake.

"Baba alikuwa na pombe," mdogo wake alisema akitema damu. "Wewe kaka, ulikuwa na nini? Ukipata jibu, niletee. Kabla ya hapo gereji siji."

Swali likamkaa kama mchanga jichoni. Akasikia kuna daktari anapima vichwa vya watoto wa walevi, akaenda. Akapakwa mafuta ya kunata, akavishwa kofia ya nyaya, akaambiwa asikilize milio: mzito auache upite, mwembamba, wa nadra, ukitokea abonyeze kitufe. Kwenye skrini mistari ikapanda na kushuka.

"Ndio mimi huyo?"

"Ni umeme wa ubongo wako, fundi. Mlio wa nadra ukija, wimbi hupanda. Lako limepanda kidogo tu. Watoto wengi wa walevi wako hivyo, hata asiyeonja tone."

"Kwa hiyo breki zangu zimetoka kiwandani mbovu?"

Daktari akacheka. "Labda zimelegea. Kulegea siyo kukatika. Na wimbi halijawahi kumpiga mtu."

Maji akaibeba nusu ya kwanza ya maneno hayo, ya pili akaiacha palepale mezani.

Alimkuta mdogo wake kibarazani, glasi ya bia mkononi.

"Jibu ninalo. Ni damu ya mzee. Wimbi fupi kichwani, tumezaliwa nalo."

"Tumezaliwa? Mimi na wewe?"

"Kwani baba si mmoja?"

Mdogo wake akacheka, pengo wazi. "Haya. Basi mimi nina wimbi lako, na bia juu yake. Nimempiga nani, kaka?"

Maji akaitazama ile glasi. Miaka yote aliiapia chupa. Ngumi hakuwahi kuiapia.

"Nenda tu kaka," mdogo wake akasema, bila ubaya. "Kazi nimepata kwingine."

Siku hizi Maji anatoa upepo peke yake. Anapanda, anakanyaga, anaikaza pedeli kwa ubao ulioegemea kiti, anashuka, anaingia uvunguni, anafungua, anafunga, anatoka, anapanda tena. Hasira hasara, na yake ni hii: meno mawili, mguu mmoja wa kwenye pedeli, na baba wa kusingizia.