Skafu ya Kwenda Maskati

Jumatatu mchana, joto la Kiwalani likiwa limewafukuza watu vyumbani, Benedicta alikaa kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji, akifuma skafu ya sufu. Ilikuwa ya bintiye Asifiwe, mfanyakazi wa ndani huko Maskati. Kufuma alijifunza kwao Makete, ambako mtu bila sweta hana maisha. Majirani, watu wasiokosa la kusema, walimcheka: Maskati si ndiko jua linakowaka kuliko huku? Yeye alizidi kufuma. Alikuwa anawahi Ijumaa, siku ambayo Hudhaifa mwenye duka angepanda ndege kwenda kumsalimia mjomba wake hukohuko.

Jioni simu iliita, na baridi ikaanza kutoka. Ilikuwa hivyo tangu Asifiwe aondoke. Akipiga tu, spika inatoa ubaridi wa stoo anamolala, yenye kiyoyozi kisichozimwa kwa sababu bosi ameweka humo chokoleti zake. Jenipher, mpangaji wa chumba cha pili, aliwahi na kreti la soda, akazipanga chupa kuizunguka simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Ila vidole vimekufa ganzi.”

“Si uwaambie wakurudishe?”

“Pasi ya kusafiria anayo bosi, mama. Kaifungia.”

“Ongea naye kidogo tena,” Jenipher alinong’ona. “Hizi za huku bado za moto.”

Benedicta aliibana simu shavuni mpaka shavu likaganda. Hakuiondoa. Ndiyo njia pekee iliyokuwa imebaki ya kumgusa mwanawe.

Alhamisi sufu ilimwishia, skafu ikiwa haijatosha kuzunguka shingo. Alilifumua sweta alilokuja nalo mjini, akaendelea. Ijumaa bajaji ya Hudhaifa ilikuwa inanguruma mlangoni, naye bado anafunga vishono vya mwisho.

“Mama Asifiwe, ndege haina adabu, haimsubirigi mtu.”

“Na mie mtoto wangu anaganda. Subiri.”

Akasubiri.

Jumapili simu iliita, baridi haikutoka. Jenipher alisimama pale na kreti lake, akasonya, akaenda zake.

“Mama, imenifunika mpaka masikio. Nimelala jamani, nimelala!” Asifiwe alikuwa anacheka, jambo alilokuwa amelisahau. “Hata bosi kafurahi. Anasema kwa vile silalamikii tena baridi, ananiongezea miaka miwili.”

“Wewe umekubali?”

“Hajaniuliza.”

“Na pasi?”

“Ipo kwake.”

Benedicta alimshukuru Mungu kwa shingo ya mwanawe, akamwambia ajifunike vizuri. Kisha hamu ya kumwona ikamkaba vibaya, kuliko siku zote za baridi. Simu ilipokatika aliibana shavuni upande huu, halafu upande ule, akitafuta. Ilikuwa ya moto, kama simu ya mtu yeyote wa Kiwalani.